Chuma cha nyumbani, dhahabu ya ugenini: Safari ya majina ya metali

Katika yadi ya vyuma chakavu, iwe Dar es Salaam, Mwanza au Mombasa, mnunuzi haachani na sumaku yake. Kijana anafika na guta, anamwaga chini alichokusanya tangu alfajiri: sufuria iliyotoboka, ringi ya pikipiki, bomba la maji lililopasuka, nyaya zilizokwisha kuchunwa plastiki, betri ya gari iliyokufa. Mnunuzi anapitisha sumaku. Kinachonata kinarushwa kwenye rundo la chuma. Kisichonata kinakwaruzwa, kinatazamwa rangi, kinapimwa uzito mkononi, kisha kinapelekwa kwa wenzake: shaba huku, alumini kule, risasi ya betri pembeni.

Bango la mlangoni, hata hivyo, halina uchambuzi huo. Limeandikwa kwa herufi kubwa: TUNANUNUA VYUMA CHAKAVU. Shaba imo humo, alumini imo, bati limo.

Mtoto wa shule akisimama mbele ya bango hilo atakuwa na swali. Mwalimu wake wa sayansi amemfundisha kwamba chuma ni moja tu kati ya metali nyingi. Bango linamwambia kwamba metali zote ni vyuma. Nimelitafakari swali hilo kwa muda mrefu, na kila nilipofuatilia asili ya maneno haya nimeona kwamba mwalimu na mwandika bango wote wana haki. Mmoja anatumia neno lililoingia juzi kupitia vitabu. Mwingine anatumia neno ambalo mababu zetu walikuwa nalo kabla ya jahazi la kwanza la biashara kutia nanga Kilwa. Baina ya maneno hayo mawili kuna historia ya biashara, ufundi na utajiri wa watu wa ukanda huu.

Metali na madini: shimo moja, milango miwili

Tuanze na lile la juzi. "Metali" tumelipokea kutoka Kiingereza, nacho kililipata kwa Kifaransa, nacho kwa Kilatini, metallum, nacho kwa Kigiriki cha kale, metallon. Kwa Wagiriki wa mwanzo neno hilo halikuwa na maana ya kitu kigumu king'aacho. Lilikuwa na maana ya mgodi, shimo linalochimbwa. Polepole jina la shimo likahamia kwenye kilichotolewa shimoni, na ndivyo lilivyotufikia.

Sasa mtazame ndugu yake, "madini". Hili tumelitoa kwa Waarabu. Kwao ma'din ni mgodi, mahali kitu kinapopatikana kwa asili yake, na wingi wake ni ma'adin. Mzizi wake unabeba wazo la kukaa mahali na kutulia. Waislamu wanaosoma Kurani kwa Kiarabu wanaufahamu mzizi huo kwa jina la Pepo ya Adn, makao ya kudumu. Madini, basi, ni kitu kilichokaa ardhini kikitulia mahali pake hadi mtu alipokifuata na jembe na sururu.

Wagiriki na Waarabu, kila mmoja kwa lugha yake, walikipa kitu jina la shimo kilimotoka. Kiswahili kikapokea majina yote mawili kisha kikagawa kazi. "Madini" yakapewa eneo kubwa: dhahabu ni madini, tanzanaiti ya Mirerani ni madini, na mama mjamzito kliniki anaambiwa ale vyakula vyenye madini ya chuma ili damu isipungue. Vijana wa leo wamelisukuma mbele zaidi, maana mtu akitoa mawaidha yenye faida wanasema ametoa madini. "Metali" ikapewa darasa la kemia, na huko ina kazi halali. Zebaki ni ya majimaji, sodiamu ni laini hata kisu huikata, na zote mbili ni metali. Hakuna fundi ambaye angeziita vyuma.

Ngeli kama sumaku

Kabla ya metali na madini kufika, tulisema nini? Jibu limo katika sarufi tunayoitumia kila siku bila kuiwaza. Tunasema dhahabu hii, fedha hii, shaba hii, risasi hii, zebaki hii. Tukifika kwenye chuma, ulimi unageuka wenyewe: chuma hiki, vyuma hivi.

Maneno mengi yaliyotoka ng'ambo huingia kwenye ngeli ya I-ZI, ambayo mlango wake hauhitaji kiambishi. Chuma kimekaa KI-VI, pamoja na chakula, chombo, chumba na chungu. Katika maneno hayo yote, ile "ch" ya mwanzo ni "ki" iliyokutana na irabu: ki-ombo kikawa chombo, vi-ombo vikawa vyombo. Vivyo hivyo ki-uma kikawa chuma, na vi-uma vikawa vyuma. Shina ni -uma.

Msomaji makini ataniuliza kuhusu "kitabu", neno la Kiarabu ambalo nalo limekaa KI-VI na kuzaa "vitabu". Ni kweli, lile liliingia kwa bahati ya kuanza na "ki". Ndiyo maana ushahidi wa ngeli peke yake hautoshi, na inatupasa kuwauliza majirani. Waganda husema ekyuma na ebyuma. Wanyarwanda husema icyuma na ibyuma. Warundi husema icuma na ivyuma. Ni shina lile lile na ngeli ile ile, bara kabisa, mbali na bandari yoyote. Kwa Kinyarwanda icyuma ni chuma, ni kisu, na siku hizi ni mashine pia. Kwa Kiganda vilevile mashine ni ekyuma. Neno limekua na kupokea kila kitu kilichoundwa kwa chuma, kama bango letu lilivyopokea shaba na alumini.

Hapa kuna mtego wa kuepuka. Wengi hudhani chuma na kitenzi "kuchuma" ni neno moja, hasa kwa kuwa mtu huchuma mali, na kutoka hapo tumepata mchumi na uchumi. Hata ile imani ya mtaani ya chuma ulete, ya pesa za dukani kuyeyuka bila kujulikana zilikokwenda, huwachanganya watu. Kipimo ni chepesi. "Ch" ya kuchuma haibanduki: nachuma, mchumi, uchumi. "Ch" ya chuma inabanduka kwenye wingi na kuacha "vy". Ni maneno mawili yaliyofanana sura.

Bado utajiri haujaondoka kwenye chuma. Kwa Wabemba wa Zambia, icuma, ambacho wingi wake ni ifyuma, ni mali, utajiri. Kipimo cha wingi kinaonyesha kwamba shina ni lile lile. Kwa Wachewa wa Malawi chuma ni utajiri pia, na mambo ya fedha ya nchi huitwa zachuma. Fikiri: Dodoma kuna Wizara ya Fedha, iliyopewa jina la metali nyeupe ya Waarabu. Lilongwe, mambo hayo hayo yamepewa jina ambalo kwetu ni la metali nyeusi ya mababu.

Si ajabu iwe hivyo. Katika nchi za magharibi mwa Tanzania, kuanzia Uha hadi Unyamwezi na Uzinza, jembe la chuma lilikuwa mahari, lilikuwa faini, lilikuwa kipimo cha kubadilishana na mbuzi na nafaka. Mwenye majembe ghalani alikuwa mwenye mali. Mwandishi Mwarabu al-Masudi, aliyefika upwa huu mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba watu wa hapa walijipamba kwa chuma badala ya dhahabu na fedha. Mgeni aliona jambo la kushangaza. Kwa wenyeji lilikuwa jambo la kawaida kabisa kujipamba kwa kitu walichokithamini.

Waliofua kabla ya vitabu

Jina la chuma halikusafiri peke yake. Lilikuja na karakana nzima. "Kufua" kwa Kiswahili ni kupiga kwa kurudiarudia: twafua nguo, twafua nazi, twafua chuma. Wanyarwanda husema gucura, na mhunzi kwao ni umucuzi. Wakikuyu humwita mhunzi mũturi, Wabemba humwita kafula. Masikio yanaweza kuyaona ni maneno tofauti, lakini ni kitenzi kimoja cha kale kilichobadilika sauti kila kilipopita: "f" kwetu, "c" Rwanda, "t" kwa Wakikuyu. Na hakijazeeka. Tanzania ilipojenga bwawa kubwa kwenye Mto Rufiji, la megawati 2,115, liliitwa Bwawa la Kufua Umeme la Julius Nyerere. Kitenzi cha mhunzi aliyechuchumaa mbele ya makaa sasa kinazungusha mitambo.

"Nyundo" nayo ni hivyo hivyo. Waganda wana ennyondo, Wanyarwanda inyundo, na huko magharibi kabisa Wakongo wana nzundu. Kutoka mwambao wa Atlantiki hadi wa Bahari ya Hindi, chombo ni kimoja na jina ni moja. Katika falme za Maziwa Makuu nyundo ilikuwa alama ya ufalme. Wataalamu wa mambo ya kale walipofukua kaburi la Mfalme Cyirima Rujugira wa Rwanda, aliyetawala karne ya 18, walikuta nyundo za chuma zimelazwa kichwani pake.

Ardhi inathibitisha yanayosemwa na maneno. Buhaya, karibu na Bukoba, kuna mahali panapoitwa Katuruka, na hapo palikuwa na mti mtakatifu uitwao Kaiija. Jina hilo maana yake ni mahali pa kufulia chuma. Wazee walisimulia kwamba Mfalme Rugomora Mahe aliwaita wahunzi wamjengee mnara wa chuma afike mbinguni, na kwamba chini ya mti huo ndipo walipofulia. Katika miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt aliwasikiliza wazee hao, akachimba pale walipomwonyesha, akakuta mabaki ya ufuaji chuma wa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mfalme wa masimulizi aliishi karne nyingi baadaye, lakini jina la mahali lilikuwa limeshika siri ya kale zaidi yake. Wazee wa Kihaya hawakuishia kusimulia. Walijenga tena tanuru, wakayeyusha chuma mbele ya watafiti kwa njia waliyorithi, na mwaka 1978 kazi hiyo ikaandikwa katika jarida la Science.

Ufipa nako, kwenye nyanda za juu za Sumbawanga, kuna malungu: matanuru marefu ya udongo, ya kimo cha kama mita 3, ambayo baadhi yangali yamesimama. Wafipa wa zamani waliyeyusha mawe ya chuma humo, kisha wakakisafisha chuma kwa mara ya pili kwenye tanuru dogo, kitengwe. Ilungu lilitendewa kama bibi arusi na mama mzazi: likapambwa, likaimbiwa, likawekewa miiko, kwa kuwa kilichotarajiwa kutoka tumboni mwake kilikuwa mtoto. Na ukitembea kwenye makazi ya kale, tangu vilima vya bara hadi magofu ya pwani kama Shanga na Galu, utaokota kile ambacho Waswahili walikiita bila kuficha mavi ya chuma: takataka nyeusi, nzito, zilizoganda baada ya chuma kutoka.

Upwani chuma hakikuwa cha kujipamba tu. Al-Idrisi, mwanajiografia wa karne ya 12, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na migodi ya chuma na kwamba biashara yake iliwapa faida kubwa. Ni kweli kwamba zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki uitwao Periplus ulitaja mikuki, mashoka na visu vikiletwa upwa wa Azania kutoka Muza, huko Yemen. Vyombo vya chuma viliingia, lakini jina halikuingia. Waarabu hukiita chuma hadid, na sura ya 57 ya Kurani inaitwa Al-Hadid. Waswahili wameisoma sura hiyo kwa karne nyingi, wengi wakiihifadhi kwa moyo, na bado kisu cha jikoni ni cha chuma. Hawakuhitaji kuazima jina la kitu walichokuwa nacho.

Yaliyokuja na jahazi

Majina mengine yalikuja na bidhaa zake. Dhahabu ni dhahab ya Waarabu. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, mji ulikuwa umetajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala kutoka nyanda za Zimbabwe. Waswahili hawakuichimba wenyewe. Waliipokea, wakaipima, wakaisafirisha, na wakaiita kwa jina lililoeleweka na mnunuzi. Aliyeifanya pete akaitwa sonara, neno la Kihindi, naye yupo hadi leo kwenye mitaa ya Mombasa na Unguja.

Fedha ni fidda, jina la Kiarabu la ile metali nyeupe. Ilitumika sana kwa sarafu hata jina lake likawa jina la malipo yote. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, ndogo na nyembamba, ushahidi kwamba watu wa visiwa walihesabu mali kwa metali hiyo karibu miaka elfu iliyopita. Karne ya 19 ikaleta sarafu ya shaba kutoka India, paisa, nayo ikawa pesa. Hivyo mkononi mwa Mswahili kukawa na fedha, sarafu nyeupe ya kazi kubwa, na pesa, sarafu nyekundu ya kununulia sokoni. Sarafu zenyewe zimepita. Majina yamebaki, na hadi leo fedha ni ya wizara na benki, pesa ni ya mfukoni.

Risasi, rasas kwa Waarabu, ni ile metali nzito na laini ya betri. Bunduki zilipoingia, kilichotoka mtutuni kilikuwa risasi, na maana hiyo ya pili ikaimeza ya kwanza hata watoto wengi hawajui kama kuna nyingine. Sufuria nayo inatokana na sufr, shaba ya njano. Ya kwanza ilikuwa ya shaba. Ya leo ni ya alumini, na jina halikubadilishwa.

Shaba yenyewe ina kisa kizuri kuliko vyote. Kwa Kiarabu shabah ni shaba ya njano, na mzizi wake unahusu kufanana, ule ule uliotupa sisi neno "kushabihiana". Waliiita hivyo kwa sababu inashabihi dhahabu. Kiswahili kililichukua neno kikalipanua likafunika na shaba nyekundu pia.

Kisha neno hilo la kuazima likapanda bara. Katikati ya karne ya 19 Msiri, mtoto wa mfanyabiashara wa shaba kutoka magharibi mwa Tanzania ya leo, alijijengea ufalme Bunkeya, katika nchi ya Katanga, akatawala hadi alipouawa mwaka 1891. Watu wa kule walikuwa wakiyeyusha shaba karne nyingi kabla yake na kuimwaga katika vipande vyenye umbo la msalaba, vilivyotumika kama fedha na mahari. Kiswahili kilifika huko na misafara, kikakuzwa zaidi katika karne ya 20 na kambi za wafanyakazi wa migodi, na mwaka 1971 Rais Mobutu alipofuta jina la Katanga, mkoa mzima ukaitwa Shaba. Uliitwa hivyo hadi 1997. Jimbo lenye shaba nyingi kuliko mengi duniani likabeba neno la Kiarabu kwa ulimi wa Kiswahili.

Lakini wachimbaji wenyewe walikuwa na lao. Wabemba na jirani zao wa Ukanda wa Shaba huiita mukuba, na Kitwe kuna chuo kikuu chenye jina hilo. Walioyeyusha shaba wana jina lao la shaba. Sisi tulioyeyusha chuma tuna jina letu la chuma. Na tulivyovipokea sokoni, tumevipokea na majina yake.

Tusiuache msamiati upate kutu

Simlaumu mtu kwa kuazima. Lugha isiyoazima ni lugha ya watu wasiosafiri, na Waswahili ni watu wa safari. Ninachokihofia ni kwamba tunayatunza ya kuazima na kuyaacha ya nyumbani yapotee. Mtoto wa darasa la 6 anaweza kutaja metali tano bila kukwama. Mwulize fuawe ni nini, lile jiwe au pande la chuma linalopokea kipigo cha nyundo. Mwulize mvukuto, mfuko wa ngozi unaovukutwa ili moto upate pumzi. Mwulize mhunzi ni nani. Wengi watakuwa wanayasikia kwa mara ya kwanza, ilhali maneno hayo ndiyo yanayobeba sayansi ya mababu zao, sayansi iliyokuwa na tanuru, kuni, hewa, joto na hesabu zake.

Vitabu vyetu vya sayansi vinaweza kuliponya jambo hili kwa kurasa mbili. Mahali panapofundishwa metali, pawepo na malungu ya Ufipa na Kaiija ya Buhaya. Mahali panapofundishwa jinsi hewa inavyoongeza joto la tanuru, pawepo na mvukuto. Mwalimu wa Kiswahili naye akifika kwenye ngeli ya KI-VI aweke chuma kando ya chombo na chakula, awaeleze wanafunzi kwa nini kimekaa hapo na dhahabu haimo.

Mtaani neno bado lina nguvu. Hali ya maisha ikibana watu husema vyuma vimekaza. Kitu kisichoharibika ni chuma cha Mjerumani. Kamukunji, Nairobi, mafundi wa jua kali wanagonga majiko na masanduku tangu asubuhi hadi magharibi, na Gerezani, Dar es Salaam, wachomeleaji wanaunda mageti na madirisha. Wengi wao hawajawahi kusikia habari za Katuruka. Lakini wakiomba nyundo wanaitaja kama ilivyotajwa na mhunzi wa Rwanda na wa Kongo, na mzigo ukiisha kupakiwa kwenye lori, shaba na alumini na bati pamoja, wanauita vyuma, kwa shina la watu wa kwanza waliowasha tanuru katika nchi hii.